Mkubwa ni Jalala

Swali hili nimeulizwa mara nyingi, na aghalabu huulizwa kwa sauti ya kunisuta: inakuwaje mtu mzima, mwenye mvi kichwani, akeshe mbele ya televisheni akimtazama nahodha wa chombo cha angani ambaye ni mwongo, au muuaji, au yote mawili, kisha asubuhi aseme kwamba anampenda? Wanaoniuliza si wajinga. Mmoja wao ni jirani yangu, mwalimu mstaafu, ambaye nusu ya mtaa huu ilijifunza kusoma mbele ya ubao wake. Yeye husema kwamba, maadamu hadithi ni za kubuni, basi na wabuniwe watu wema. Maana wabaya tunao wa kutosha bila ya kuwabuni.

Hoja yake ina uzito, nami nataka kuipinga. Lakini sina budi niseme mapema kwamba ugomvi wangu mkubwa hauko kwake. Uko upande wangu mwenyewe, kwa mashabiki wenzangu, ambao wakitazama kiongozi akitenda uovu kwa sababu nzuri husimama na kupiga makofi, kana kwamba sababu nzuri imekwisha kuuosha uovu. Mwalimu anakosea kwa kuwa hatazami. Hawa wanatazama, na bado hawaoni.

Majibu ya swali lenyewe ninayoyasikia ni matatu. La kwanza ni la mwalimu: ladha zetu zimeharibika. La pili ni la wahakiki: viongozi wa aina hiyo ni kama watu wa kweli, na watu wa kweli wana kasoro. La tatu ni la mpwa wangu, kijana mwenye haraka zake: kiongozi lazima awe hivyo, la sivyo mambo hayaendi. Mimi nasema la kwanza si kweli, la pili halitoshi, na la tatu ni la hatari.

Tuanze na hilo la kwanza. Ati ladha zetu zimeharibika! Zimeharibika tangu lini? Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere, akiwa ni rais wa nchi, alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari. Kati ya michezo yote ya Shakespeare, kiongozi mpya wa taifa jipya aliuanza ule ambao ndani yake mtu mwema, Brutus, anamchoma kisu rafiki yake kwa ajili ya jamhuri, na jamhuri hiyo haiokoki. Miaka sita baadaye Ebrahim Hussein akatupa Kinjeketile. Hapo tunamwona kiongozi wa Maji Maji akiwa ameshikwa na neno alilolitoa mwenyewe, mwenyewe akiwa na shaka nalo, na mwisho, mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji yale yalikuwa uwongo. Je, alikuwa shujaa au alikuwa mdanganyifu? Tumesoma mchezo huo shuleni, tumeufanyia mitihani, na mpaka leo ukiweka watu watatu barazani utapata majibu manne. Hakuna aliyesema kwamba ladha za wanafunzi zitaharibika.

Basi tofauti iko wapi? Iko kwenye chombo cha angani tu. Mtu akivaa joho la Kirumi, dhambi zake ni fasihi. Akivaa sare ya nahodha wa nyota, dhambi zake ni upuuzi. Hapo mwalimu wangu ameteleza.

Wengine husema kwamba zamani hadithi hizi zilikuwa safi, na uchafu uliingia baadaye. Hilo pia si kweli. Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966. Ndani yake mlikuwa na afisa mwanamke mweusi, Uhura, aliyechezwa na Nichelle Nichols, na jina lake lilichukuliwa kutoka katika neno letu uhuru. Usiku huohuo wa kwanza kiumbe mwenye uwezo wa kujigeuza alimjia kwa sura ya mwanamume na kuzungumza naye kwa Kiswahili, ili amnase. Yaani mara ya kwanza lugha yetu kusikika katika mfululizo ule, ilisikika kinywani mwa mwongo. Mwaka uliofuata, 1967, Kapteni Kirk alirudishwa katika Marekani ya miaka ya 1930, akampenda mwanamke mmoja mpenda amani, kisha akamshika daktari wake mkono ili asimwokoe mwanamke huyo na gari linalokuja. Angeishi, harakati zake za amani zingechelewesha Marekani kuingia vitani, na Ujerumani ya Hitler ingeshinda. Kirk alimwacha afe. Huo ndio usafi wa zamani.

Ni kweli kwamba kilikuja kipindi cha kusafisha. Mwaka 1987, Star Trek iliporudi ikiwa na Kapteni Picard, mwanzilishi wake Gene Roddenberry alitaka mabaharia wa karne hiyo ijayo wasigombane wao kwa wao kwa husuda na tamaa, maana binadamu watakuwa wamekwisha kukua. Picard akawa kiongozi wa namna hiyo: msomi, mpole, mwenye kusikiliza kabla ya kuamua. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1992 anapata njia ya kuangamiza kizazi kizima cha maadui wabaya kabisa kwa kumtumia mateka mmoja kijana, naye anakataa. Nampenda Picard. Ningeomba niongozwe naye.

Lakini Picard anapendwa kama anavyopendwa shehe mzuri au padri mzuri: tunamheshimu, wala hatumwogopei. Nyuma yake kuna shirikisho lenye chakula kwa wote, lenye majeshi, lenye sheria, na lenye mahali pa kurudi. Ni rahisi kuwa na mikono safi ukikaa karibu na bomba. Swali ambalo mtazamaji hawezi kulinyamazisha moyoni ni hili: je, bomba likikauka?

Waingereza walikwisha kuliuliza swali hilo kabla ya Picard. Blake's 7, iliyotungwa na Terry Nation na kuonyeshwa na BBC kuanzia Januari 1978 hadi Desemba 1981, ni habari ya waasi wachache ndani ya chombo kilichookotwa, wakipigana na dola la kidhalimu. Kiongozi wao, Blake, ni mtu wa haki. Kwa sababu ya haki hiyo, mwishoni mwa mwaka wa pili wa tamthilia, anadhamiria kuvunja kituo kinachoendesha mitambo ya dola zima, huku akijua kwamba watu wasio na idadi katika sayari nyingi watakufa, wale wale anaotaka kuwakomboa. Aliye kando yake, Avon, ni mwizi wa mabenki kwa njia ya kompyuta, asiyejidai kuwa na haki yoyote, na ndiye anayeona wazi zaidi gharama ya ndoto ya mwenzake. Katika kipindi cha mwisho kabisa, tarehe 21 Desemba 1981, siku nne kabla ya Krismasi, Avon anamwua Blake kwa kudhani kwamba amewasaliti, kumbe hakuwasaliti. Taifa zima likala sikukuu na maiti ile. Hao ndio viongozi ambao mashabiki wa Uingereza wanawakumbuka mpaka leo, si wale walioshinda.

Sasa kwa nini hadithi za kisayansi hasa? Kwa nini si hadithi za polisi au za wafalme? Naona sababu mbili.

Ya kwanza ni upweke. Chombo cha angani kiko mbali na mahakama, mbali na bunge, mbali na magazeti. Nahodha hawezi kusema, "Nitauliza makao makuu," kwa sababu jibu litafika watu wamekwisha kufa. Hadithi hizi humnyang'anya kiongozi kila kisingizio cha ofisi na kumwacha yeye na dhamiri yake. Tena zinaongeza kilicho mizanini: si kijiji, si mji, bali watu wote waliobaki.

Ya pili ndiyo kubwa, nayo sijaisikia ikisemwa vya kutosha. Katika hadithi hizi hatuna ndugu. Ninapomhukumu kiongozi wa kweli, kabla sijafungua mdomo nimekwisha kujua ni wa chama gani, wa mkoa gani, wa dini gani, na kama shangazi yake aliolewa kwetu. Kosa la wa kwetu ni hekima. Kosa la wa kwao ni ufisadi. Lakini yule nahodha wa nyota si wa kwetu wala si wa kwao. Vita vyake havina upande ambao babu yangu alipigania. Kwa saa moja nakuwa hakimu asiye na jamaa mahakamani. Kwangu mimi hiyo ndiyo raha yenyewe. Hatuupendi uovu wa kiongozi. Tunachokipenda ni kule kupata, angalau mara moja kwa wiki, kumpima mtu aliye madarakani kwa kipimo kimoja tu.

Hapo ndipo namfikia Benjamin Sisko, na ndipo ugomvi wangu na wenzangu unapoanza.

Star Trek: Deep Space Nine ilionyeshwa kuanzia Januari 1993 hadi Juni 1999. Sisko, aliyechezwa na Avery Brooks, ndiye mtu mweusi wa kwanza kuwa kiongozi mkuu katika mfululizo wa jina hilo. Hakupewa chombo cha kwenda kwa fahari kutoka nyota moja hadi nyingine. Alipewa kituo kibovu kilichokuwa cha wakoloni walioondoka, karibu na sayari iliyotoka kunyonywa kwa miaka mingi. Ni mjane anayelea mtoto wa kiume. Wenyeji wanamwona kuwa ni mjumbe wa miungu yao, naye hajui aupokee vipi utume huo. Anakasirika, anapika chakula, anampenda mwanawe waziwazi, anakosea.

Wapo waliolalamika: kwa nini Mzungu apewe utakatifu wa Picard, na mweusi apewe madoa? Mimi naona kinyume chake. Kwa miaka mingi mtu mweusi katika televisheni ya Marekani aliruhusiwa kuwa mhalifu au malaika, mtumishi au mfia dini. Kumpa nafasi ya kuwa mkubwa mwenye uzito wote wa ukubwa, mwenye uamuzi na lawama, ni kumpa heshima kamili. Wala Brooks hakukubali kila doa. Katika kipindi cha mwisho ilikusudiwa Sisko aondoke moja kwa moja na kumwacha mkewe akiwa mjamzito. Brooks aliomba ibadilishwe, asionekane baba mweusi mwingine anayetelekeza familia yake, na maneno ya ahadi ya kurudi yakaongezwa. Alijua tofauti kati ya kasoro na kashfa.

Kipindi ninachotaka kukizungumzia kilionyeshwa Aprili 1998, na kwa mashabiki wengi ndicho bora kuliko vyote. Shirikisho linashindwa vitani. Kila wiki inabandikwa orodha ya waliokufa. Dola moja kubwa, la Waromulan, limekaa pembeni. Sisko anaamua kuliingiza vitani. Anamwomba msaada mshona nguo wa kituoni, ambaye zamani alikuwa jasusi, na pamoja wanaghushi ushahidi kwamba adui anapanga kuwavamia Waromulan. Kwa ajili hiyo mhalifu anatolewa jela, hongo inatolewa, na kemikali ya hatari inakabidhiwa kwa mtu asiyejulikana ataitumia kwa nini. Seneta wa Waromulan anagundua kwamba ushahidi ni bandia. Kisha chombo cha seneta kinalipuka angani. Mshona nguo ndiye aliyetega bomu, na mghushi naye amekwisha kuuawa. Waromulan wanaamini kwamba adui ndiye aliyefanya hayo, wanaingia vitani, na mwelekeo wa vita unageuka.

Yote haya tunayasikia Sisko akiyasimulia katika kumbukumbu zake za kazi, usiku, peke yake, kinywaji mkononi. Anapomaliza anaamuru kumbukumbu hizo zifutwe.

Basi, ndugu msomaji, jambo linalonichoma ni hili. Nimekaa na watu wengi waliotazama kipindi hicho, na wengi husema: "Alifanya sawa. Mkubwa ni jalala." Wanamaanisha kwamba mkubwa ndiye anayebeba taka za wote, ili sisi wengine tukae pasafi. Ni methali nzuri. Lakini wameisikia nusu. Jalala liko wapi kijijini? Liko mahali pa wazi, kila mtu analiona, kila mtu anajua nani katupa nini. Uchafu unaofukiwa usiku nyuma ya nyumba si jalala, na aliyeufukia hajawa mkubwa kwa kuufukia. Sisko amefuta kumbukumbu. Waliofiwa na seneta hawajui. Waromulan watakaokufa vitani kwa maelfu hawajui wanafia nini. Anayejua ni mimi na wewe tu, tuliokaa upande huu wa kioo.

Hiyo ndiyo siri ya kupendeza kwake, wala si kwamba alifanya sawa. Tunampenda kwa kuwa tumeingizwa chumbani. Kiongozi wa kweli hatuambii kamwe alichofanya mlango ulipofungwa. Huyu alituambia, kisha akafuta. Tulipewa nafasi ya ushahidi, na shahidi anayepiga makofi amekwisha kuacha kazi yake.

Tena kuna hila katika mizani yenyewe. Mtunzi wa hadithi ndiye aliyetuhakikishia kwamba adui ni mbaya kweli, kwamba hapakuwa na njia nyingine, na kwamba uwongo ungeleta ushindi. Sisko hakujua, sisi tunajua kwa sababu mtunzi ametuonyesha. Katika maisha hakuna mtunzi. Tarehe 5 Februari 2003, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Colin Powell, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba Irak ina silaha za maangamizi, akaonyesha picha na kusikilizisha kanda. Mwezi uliofuata, tarehe 7 Machi, Mohamed ElBaradei, mkuu wa shirika la kimataifa la nishati ya nyuklia, aliliambia baraza hilohilo kwamba hati zilizodai Irak ilitafuta madini ya urani nchini Niger si za kweli. Vita vilianza kabla ya mwezi huo kwisha. Silaha zile hazikupatikana. Sisemi kwamba Powell alighushi. Hati zile za Niger hata hakuzitaja katika hotuba yake. Nasema kwamba hati za kughushi zilikuwepo, vita vilikuwepo, na safari hii hapakuwa na mtunzi wa kuhakikisha kwamba mwisho utakuwa mwema. Anayesema "Sisko alifanya sawa" na ajiulize angesema nini mwaka 2003, na angejuaje tofauti.

Wala si lazima twende mbali kiasi hicho. Mtaani kwetu tulikuwa na kamati ya maji. Mwenyekiti wake, mtu mchapakazi, alichoka kusubiri sahihi za wajumbe wasiohudhuria vikao, akazitia mwenyewe. Bomba likaja. Watu wakasema, "Mwacheni, maji si tunakunywa?" Miaka miwili baadaye, kwa sahihi za namna ileile, sehemu ya kiwanja cha shule ikawa na mwenyewe. Tulipolalamika alitushangaa kwa dhati. Mbona mara ya kwanza hatukuuliza? Na kwa kweli hakuwa na kosa katika mshangao wake. Sisi ndio tuliomfundisha kwamba sahihi si kitu, maji ndiyo kitu.

Kwa hiyo naweka mstari. Upande mmoja wako viongozi wenye kasoro ambao hadithi inawahesabia. Upande wa pili wako wale ambao hadithi inawasamehe tu. Mashabiki huwaweka wote kapu moja. Mimi siwaweki.

Mfano wa kusamehe ninao. Mwaka 1996, katika Star Trek: Voyager, Kapteni Janeway anakabiliwa na jambo la ajabu: ajali imewaunganisha watu wake wawili wakawa kiumbe kimoja kipya, mwenye jina lake, akili yake na hamu yake ya kuishi. Inapatikana njia ya kuwatenganisha. Kiumbe anaomba asiuawe. Daktari anakataa kufanya kazi hiyo kwa kuwa kiapo chake hakimruhusu kumdhuru asiyetaka. Janeway anaifanya kwa mkono wake, anatoka, na kipindi kinakwisha. Wiki inayofuata safari inaendelea. Mashabiki wamebishana juu ya uamuzi ule kwa miaka mingi, na hiyo ni sifa kwao. Wao ndio waliofungua kesi ambayo tamthilia iliifunga.

Mfano wa kuhesabiwa ni Londo Mollari wa Babylon 5, tamthilia ya J. Michael Straczynski iliyoendelea hadi 1998. Londo ni balozi wa dola lililochakaa, mcheshi, mlevi, mpenda hadithi za utukufu wa zamani. Kwa kutaka utukufu huo urudi, anakubali msaada kutoka kwa watu ambao hakuwauliza watataka nini. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1995 tunamwona amesimama dirishani mwa chombo cha kivita, akitazama sayari ya jirani zake ikipondwa kwa mawe makubwa kutoka angani. Hasemi kitu. Peter Jurasik, mwigizaji, aliusema uso ule. Kuanzia hapo kila kitu anachokipata kinakuwa deni: anapata cheo, anapoteza rafiki, anapata kiti cha enzi, na kiti hicho ni gereza. Na balozi wa wale aliowaangamiza, G'Kar, habaki kuwa mwathirika wa kuonewa huruma tu. Naye anakua, anabadilika, anamtazama adui yake machoni. Ndiyo maana nampenda Londo kuliko Sisko, ijapokuwa Londo ni mbaya zaidi. Londo analipa mbele ya wenye deni. Sisko alijilipa mwenyewe kwa kinywaji.

Nimalizie na Laura Roslin, maana hapo ndipo wenzangu walionikasirisha zaidi. Battlestar Galactica, aliyoianzisha upya Ronald D. Moore mwaka 2003 baada ya kazi yake katika Deep Space Nine, inaanza na maangamizi: wanabaki watu kama 50,000 ndani ya vyombo vinavyokimbia. Kamanda Adama, ili kuwatia moyo, anawaambia kwamba anajua njia ya kwenda Dunia. Hajui. Roslin, aliyekuwa waziri wa elimu na sasa ni rais kwa kuwa wote waliomtangulia wamekufa, anautambua uwongo huo na kunyamaza. Viongozi hawa wawili wanafanya mengi mazito, na tamthilia haikuyaficha. Wakati wa kesi ya Gaius Baltar, mwaka 2007, mwana wa Adama alisimama kizimbani akayataja mmoja baada ya mwingine, mbele ya baba yake aliyekuwa mmoja wa mahakimu. Mwezi Machi 2009 waigizaji na watunzi wake walialikwa kwenye Umoja wa Mataifa, New York, kuzungumzia haki za binadamu na vita. Sijui tamthilia nyingi za mapenzi zilizopata mwaliko huo.

Mwaka 2006 ukaja uchaguzi. Roslin anajua kwamba mpinzani wake, huyo Baltar, ni mtu hatari. Watu wake wanabadilisha kura. Anashinda. Kisha udanganyifu unagunduliwa, Adama anamwuliza, naye Roslin anaachia. Baltar anakuwa rais, watu wanakaa kwenye sayari aliyoichagua yeye, na baada ya mwaka mmoja adui anawakuta huko na kuwatawala. Wanateswa, wanauawa.

Mashabiki wangapi wamesema: "Mnaona? Bora angeiba!" Mpwa wangu alisema hivyo, na kwa furaha, kama mtu aliyeshinda ubishi. Nilimwuliza swali moja: ni nani, katika historia yote ya wezi wa kura, aliyewahi kuiba bila ya kuamini kwamba mpinzani wake ni Baltar? Hakunijibu. Kila aliyebadilisha karatasi usiku alikuwa akiliokoa taifa. Hakuna aliyekiri kwamba analiokoa tumbo lake. Roslin alikuwa sahihi kuhusu Baltar, na bado hakuwa na haki ya kuiba. Mambo hayo mawili yanakaa pamoja, na kukaa kwake pamoja kunauma. Tamthilia isiyoogopa maumivu hayo, isiyompa mwema zawadi kwa wema wake wala kumpa mwizi ruhusa kwa sababu ya mwisho mzuri, hiyo ndiyo inayostahili mtu mzima akeshe.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, sitaki viongozi wa hadithi wasafishwe. Wakisafishwa wote tutabaki na picha za ukutani, na picha haimfundishi mtu kuhukumu. Nanyi wenzangu wa usiku wa manane, pendeni mnaowapenda. Mpendeni Sisko, hata mimi nampenda. Lakini tukishaingizwa chumbani na mlango ukafungwa, na mkubwa akatuonyesha alichokifanya, kazi yetu haijawa kumpangusa mikono. Aliyefuta kumbukumbu ni yeye. Sisi hatukufuta.